Mtaa Uliopimwa kwa Miguu ya Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msimamizi wa kazi za barabara katika ofisi ya wilaya, Bagamoyo. Shule yangu iliishia darasa la nne. Kuchora ramani na kupima mwinuko wa ardhi nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vilivyokuwa kabatini ofisini na kwa masomo ya posta yaliyonichukua miaka. Kwa hiyo nilipokabidhiwa mchoro wa kupanua mtaa wetu wenyewe, niliweza kuusoma mstari kwa mstari, na nikaelewa mara moja unataka nini.

Mtaa huo uko Dunda. Nyumba zake ni za mawe na chokaa, zimekaribiana, na kila nyumba ina baraza lake mbele: benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, chini ya upenu wa paa. Baraza ni la mwenye nyumba, lakini kukaa ni kwa yeyote aliyetoa salamu. Masika maji yakijaa mtaani, watu huiacha njia wakapita juu ya mabaraza, kutoka moja hadi jingine, wakiwaomba radhi waliokaa. Waliokaa huinua miguu, mazungumzo yakaendelea.

Mchoro ulipimwa ukuta kwa ukuta. Mabaraza ya pande zote mbili yalikuwa yavunjwe, ili malori, yaliyokuwa yakijipenyeza kwa shida, yaingie kwa urahisi hadi kwenye maduka ya jumla katikati ya mtaa. Waliouchora hawakuwa na ubaya. Walijiuliza lori linahitaji upana gani, wakajijibu kwa usahihi. Vitabu vyangu navyo vilikuwa hivyo hivyo: kila ukurasa ulianza na gurudumu.

Mama yangu alikaa mwanzo wa mtaa, na mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, alikaa mwisho wake, karibu na msikiti. Wote wawili walikuwa wajane. Kila siku baada ya alasiri mama alikwenda kwa ndugu yake, na kwa magoti aliyokuwa nayo safari ile fupi ilikuwa kazi. Alitembea kidogo, akakaa kwenye baraza la mtu, akasalimiana, akainuka. Kati ya watu wa rika lake, huyo mdogo wake ndiye pekee aliyebaki wa kuzungumza naye mambo ya utotoni.

Nilipigilia vigingi kama nilivyoagizwa. Mama akatoka nje, akaviona, akauliza vijiti vile ni vya nini. Nikamweleza. Akavitazama mpaka mwisho wa mtaa.

"Basi mwambie mama yako mdogo ahamie huku," alisema. "Mimi kwake sitafika tena."

Nilirudi ofisini nikachukua karatasi safi, nikaanza kuuchora mtaa upya kwa swali jingine: mtu mwenye magoti mabovu anahitaji nini ili afike mwisho wake? Alihitaji mahali pa kukaa kila baada ya hatua chache, pa kukanyaga pasipo maji, na asisukumwe ukutani na gari. Mabaraza yalikwishatoa mawili ya mwanzo. La tatu lilitaka malori yaishie kwenye uwanja wa soko, na mzigo uingie kwa mikokoteni.

Balozi wa nyumba kumi akaitisha mkutano, nikaeleza mpango wangu. Haukupokewa vizuri. Wengi walikuwa wamekwisha kuahidiwa lami, na mtu aliyeahidiwa lami si rahisi kumwambia habari za mabenchi. Aliyenimaliza alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mchele na sukari, mwenye duka kubwa kuliko yote pale, mtu wa mzaha ambaye watu walimpenda.

"Mwenzetu huyu amesoma kwa posta," aliwaambia, "na naona barua yake imechelewa kufika. Dunia imeshapanda lori, yeye anatuletea mkokoteni."

Wakacheka mpaka nami nikacheka. Lakini nilitoka pale nimeshindwa.

Baada ya siku chache mhandisi akaja kutoka Dar es Salaam kukagua vigingi. Alikuwa kijana, mtulivu, na nilipomwonyesha karatasi yangu hakuidharau. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akauliza maswali mawili. Maji ya mvua yataelekea wapi? Na mgonjwa akizidiwa, gari la hospitali litaingiaje? La kwanza nilikuwa na jibu lake. La pili nilikuwa sijalifikiria, nikamwambia hivyo. Tukalitatua pamoja pale pale: nguzo fupi za mawe kila mwisho wa mtaa, na ya katikati iwe ya mti, ya kung'oka, ifungwe kwa kufuli na ufunguo wake ukae kwa balozi.

Wakati huo mama alikuwa anatoka kwenda kwa ndugu yake. Mhandisi akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akamwitikia marahaba na kumshika mkono bila kumwuliza, kana kwamba ameletwa kwa kazi hiyo. Nikawafuata nyuma. Walikaa kwenye kila baraza. Kila walipokaa, kijana alijulishwa kwa wenyeji, akaulizwa ukoo wake na kwa nini hajaoa. Nadhani tulitumia muda ambao lori lingeutumia kufika Dar.

Karibu na msikiti akamwuliza, "Mama, na kama mabaraza hayapo?"

"Mwanangu, miguu yangu inakwenda baraza kwa baraza," mama akajibu. "Pale yanapokwisha, nami ndipo nimekwisha."

Tulirudi na mhandisi mpaka kwenye gari lake. Hapo akanipa masharti. Mvua zilikuwa zinakaribia, na lami haimwagwi masika. Basi malori yaishie uwanjani kwa kipindi chote cha mvua. Wenye maduka wakiridhika, atauidhinisha mchoro wangu. Wakikataa, mabaraza yavunjwe mvua zikikatika, na mimi ndiye nitakayesimamia.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mikokoteni haikuwa na vifuniko, na magunia ya sukari yakaanza kulowa. Yule mfanyabiashara aliniita dukani anionyeshe gunia linalotiririka. "Chai ya mtaa mzima hiyo," alisema, "lete vikombe." Nikaenda kwa fundi turubai, tukakata vifuniko vyenye mikanda, na wasukuma mikokoteni wakavifunga wenyewe, kila mmoja kwa namna yake. Kulowa kukaisha. Magari yaliyokuwa yakikwama katikati ya mtaa kila masika hayakukwama tena, kwa kuwa hayakuwamo.

Kisha likaja jambo ambalo sikulipanga. Wanawake waliozoea kuzungukia uchochoroni kwa kuogopa malori wakaanza kupita mbele, na watoto wao. Muuza kahawa akahamia mtaani, na mwenye maandazi akamfuata. Mtu aliyekuja kununua kilo ya mchele mvua ilimkalisha kwenye baraza la duka, na akiwa pale akakumbuka kuwa nyumbani hata sukari imekwisha.

Jioni moja baada ya magharibi yule mfanyabiashara akabisha hodi kwangu. Alikunywa chai, akazungumzia bei ya mafuta, akazungumzia mvua. Alipokwisha kuaga na kusimama mlangoni ndipo akasema lililomleta.

"Bwana, ile kamba yako ya kupimia, ipo?"

Nikamwambia ipo.

"Baraza langu ni fupi. Wateja wanasimama. Nataka nilirefushe mpaka ukuta wa jirani, naye ameridhia. Njoo upime kabla sijaonana na yule kijana wako, maana nitamwambia mpango huu tuliufikiria wote."

Nilikwenda asubuhi, nikampimia. Mhandisi aliporudi kuidhinisha mchoro, mfanyabiashara alimwambia hivyo hivyo, mbele yangu, na sikumpinga hata kwa uso.

Mvua zilipokatika tulivitoa vigingi. Tuliweka mawe njia nzima, yakiinamia mfereji wa katikati, na kati ya baraza na baraza tukajenga vipandio vya chini ambavyo hata mtu wa mkongojo angevimudu. Watu wa mtaa wa nyuma walikuja kuangalia, wakauliza zamu yao ni lini. Nilikuwa nimesimamia madaraja na barabara ndefu zaidi ya ile, lakini hakuna iliyonipa furaha ya namna hiyo.

Kazi ilipokwisha, mama alivaa kanga mpya akaondoka peke yake. Alinikataza kumshika. Alipofika nusu ya njia mvua ndogo ya vuli ikaanza, maji yakakimbilia mferejini, naye akapanda mabarazani akaendelea, watu wakiinua miguu kumpisha. Nilimfuata kwa mbali mpaka mlangoni kwa mama mdogo.

"Umechelewa," mama mdogo alimwambia. "Chai imepoa."

"Ningefikaje mapema?" mama akasema, akivua viatu. "Kila baraza lina mtu, na kila mtu ana habari."

Akaingia ndani akiwa mkavu, wakaanza kuzungumza wote wawili kwa pamoja.