Soksi Nyeupe za Meneja

Mama anafua soksi kila siku, na kila siku anagomba. Si kwamba hapendi kufua. Kinachomchosha ni sisi. Bibi, mama yake, anavaa soksi za sufu tu, na hizo zinataka maji baridi, sabuni kidogo, zibanwe ndani ya taulo bila kukamuliwa, kisha zilazwe mezani zikauke. Dada yangu aliwahi kuzimwagia maji ya moto pamoja na shuka. Zilitoka zimejikunyata, hata vidole vya Bibi haviingii. Mama hakusema neno siku nzima, na kwa Mama kunyamaza ni kubaya kuliko kelele.

Mimi nami nisijitoe. Soksi zangu za nailoni nazianika kwa kubana vibanio kwenye lastiki, zinalegea, halafu namuuliza yeye kwa nini zinashuka. Basi mchukue mwanamke huyo aliyekwisha choka, umwongezee na Baba.

Baba ni mpokezi wa wageni hotelini. Mtaani wanamwita Meneja kwa sababu ya suti zake, na hajawahi kumsahihisha mtu. Ana kisukari, na miguu yake imekufa ganzi. Akikanyaga msumari hana habari. Muuguzi wa kliniki alimwambia mbele yetu avae soksi za pamba, nyeupe, zisizobana, na zikivuliwa jioni zigeuzwe na kukaguliwa kabla ya kulowekwa. Nyeupe, ili damu ionekane, maana yeye mwenyewe hatasikia maumivu. Kidonda kikichelewa kugunduliwa, mguu unaweza kukatwa. Alilitamka wazi neno hilo, bila kuzunguka.

"Suti nyeusi na soksi nyeupe?" Baba alilalamika tangu njiani. "Si nitaonekana kama mwanafunzi? Wageni watanicheka."

"Wacheke," Mama alisema. "Mguu ni wako, si wa wageni."

Tangu hapo Mama akawa anazichemsha hizo soksi, anazianika juani, anazikunja na kumwekea kitandani. Kila jioni alizigeuza ndani nje na kuzisogeza dirishani: nyayo, kisigino, vidole. Safi. Wiki zikapita, bado safi. Baba akaanza kutembea kwa maringo. "Mnanifanya mgonjwa bure," alisema.

Mimi nilifurahi. Mama ndiyo kwanza akazidi kununa. Jioni moja alinitia mikononi soksi ya Baba na soksi yangu.

"Tazama visigino," alisema.

"Cha Baba ni safi."

"Ndiyo. Mtu kashinda ndani ya viatu kutwa nzima, kisigino cheupe pe. Hata jasho hakuna. Anazivaa kutoka hapa hadi kazini, basi. Mimi nafua soksi zisizovaliwa."

Nilitaka kucheka, kisha nikauona uso wake. Macho yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. Anachemsha, anaanika, anakagua, kumbe anachezewa kama mtoto mdogo.

Kesho yake hakumsubiri nyumbani. Tulikwenda hotelini, tukapitia mlango wa nyuma hadi chumba ambamo wafanyakazi hubadilishia nguo. Baba alikuwa amekaa peke yake anakunywa chai, suruali imepanda kidogo, na chini yake soksi nyeusi za nailoni zinang'aa.

"Mama watoto," alisema, akiivuta suruali. "Mbona huku?"

"Vua soksi, Meneja."

"Ziko safi. Nazifua mwenyewe hapa hapa, nazianika nyuma ya friji."

"Vua."

Alivua ya kulia, akaurudisha mguu ndani ya kiatu upesi, asije mwenzake akaingia. Mama aliigeuza ile soksi. Hapakuonekana kitu, nyeusi ni nyeusi. Penye vidole tu ilikuwa imekakamaa kidogo. Basi akaziba tundu la sinki, akafungulia maji baridi na kuitumbukiza. Sinki ilikuwa nyeupe. Maji yalianza kugeuka mekundu, taratibu, kuanzia kwenye vidole.

"Ni rangi hiyo," Baba alisema. "Soksi za bei rahisi zinachuja."

"Soksi nyeusi ichuje nyekundu?"

Baba aliinuka, akaja kutazama. Suti ilikuwa imenyooka kama kawaida, na tai imekaa sawasawa.

"Lakini siumwi," alisema. "Mama watoto, siumwi hata kidogo."

"Najua huumwi."

Hasira ilikuwa imemtoka Mama usoni, nami nikatamani irudi. Alipiga magoti sakafuni na kuanza kulegeza kamba za kiatu cha pili, cha kushoto.