Ngata Mbili, Msumari Mmoja

Ndugu yangu, wiki iliyopita nilikwenda bandarini Kigoma kupokea madumu yangu ya mawese, nikakuta lile ghala walikokuwa wakifanya kazi wapagazi limepakwa rangi. Nikapapasa ukuta. Matundu ya misumari bado yapo.

Enzi za wakimbizi, kila mpagazi alikuwa na msumari wake pale. Asubuhi unatundika ngata yako, ile ya kitambaa ya kuwekea gunia kichwani, na mwenye msumari ndiye mwenye kazi. Misumari ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na baba yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Jirani yetu wa Bangwe, Mkongo aliyekimbia vita, hakuwa na kadi ya chama. Baba akamruhusu atundike kwenye msumari wake, ngata mbili pamoja.

Kisha biashara ikafunguliwa. Matajiri wakaruhusiwa kuvusha mzigo Kongo na Burundi wenyewe na kuajiri wamtakaye, na wakimbizi walikubali ujira mdogo. Chama kikaogopa, kikaamua: asiye mwanachama asiguse gunia.

Mchana nikampelekea baba ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, bado unafuka moshi. Nikamkuta anaishusha ngata ya jirani na kuitupa chini, mbele ya watu.

"Bila kadi hakuna msumari," akasema.

Jana yake tu yule bwana alikula kwetu, akimtania mama kwamba sisi Waha hatujui kupika sombe, yaani kisamvu. Bakuli likaniponyoka. Jirani akaokota ngata yake, akaipangusa vumbi, akaondoka.

Mwezi haukuisha, tajiri akaleta watu wake, wasio na chama chochote. Baba akaonyesha kadi getini. Mlinzi akamwambia akaitumie kuwashia moto nyumbani. Misumari yote ikang'olewa. Siku tatu baba alikaa tu, hali chakula. Mama akasema tumwachie Mungu.

Siku ya nne jirani akabisha hodi, ngata mbili begani. Nikajua amekuja kumcheka baba.

"Yaya," akasema, ndivyo Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa, "twende bandari ndogo ya Kibirizi. Kule hawaulizi kadi."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Akapokea ngata, wakaondoka, wakabeba pamoja mpaka uzee.

Siku hizi pale bandarini ni mashine, na wapagazi waliobaki kila mtu na lake. Mimi namwombea baba msamaha kila ninaposali. Halafu nakumbuka alishasamehewa, pale mlangoni kwetu, hata hajaomba. Mpaka leo sijaacha kushangaa.