Mteja wa Kapata Aliyesema Hasikii

Usiniulize nilikuwa nimekunywa nini. Ilikuwa mchana, jua kali, na nilikuwa nimekunywa chai tu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, katika atelie yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Kolwezi.

Asubuhi jamaa mmoja wa mtaa wa Kapata aliniletea kompyuta ya mezani. Tundu la sauti la nyuma lilikuwa limevunjika, na la mbele lilikuwa bubu. Jioni wangeondoa matanga ya baba yao, na dada yake aliyeko Kalemie, ambaye hakuwahi mazishi, alikuwa amerekodi maneno ya kumuaga. Nikafungua. Hasira zikanipanda hapo hapo: fundi gani sijui alikuwa ameuchomeka waya wa tundu la mbele mahali pa USB! Nikaurudisha pake, nikaweka upya programu ya kadi ya sauti, nikavaa kaski masikioni. Sauti ya mwanamke ikaja safi.

Mara akaingia tata mmoja, mzee wa rika la baba yangu, ovaroli yake ya kazi imepauka, akasema ile kompyuta ni ya nyumbani kwake na anataka kusikiliza. Nikampa kaski.

"Mi shiko nasikia kitu, mwana."

Nikaivaa mimi: nasikia. Nikamvika yeye: hasikii. Nikabadilisha kaski. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikazima mashine na kuiwasha upya. Mimi nasikia, yeye hasikii! Unamjua mteja wa namna hiyo? Na amekaa tu, mpole, anangoja, kana kwamba mjinga ni mimi. Niamini, nilitaka kulia.

Mwishowe nikavaa kaski mwenyewe, nikayarudia yale maneno kwa sauti kubwa, kama mtu anayegombana.

"Tata, shikupata njia ya kukuya kukuzika. Unisamehe. Wende muzuri."

Hapo akasikia. Machozi yakamtoka.

"Umuambie mi shina kasirani naye," akasema, akatoka.

Ndipo nilipolisikia vizuri neno nililolitamka, kuzika. Nikakimbilia nje. Barabara ilikuwa tupu.

Yule jamaa aliporudi nikamsimulia. Alikaa chini sakafuni. Ovaroli ile ndiyo waliyomzika nayo baba yao. Akampigia dada yake, akanipa simu, nikafikisha ujumbe.

Tangu hapo dada huyo hunipigia kila Jumapili. Alionekanaje? Machozi yale yalikuwa ya hasira? Una hakika alisema hana kasirani? Ninamwambia nina hakika. Jumapili inayofuata anauliza tena, na mimi, mtu nisiye na subira hata na waya, sijaweza kumkatia simu.

Kwa hiyo wewe fundi unayenisoma: mteja akisema hasikii na wewe unasikia vizuri, zima mashine, mwambie arudi na ndugu zake. Msamaha wauombe wenyewe. Ukiupitisha mdomoni mwako hata mara moja, walio hai watakuja kukuuliza wewe, na jibu lako halitawatosha.