Kule Upepo Unakokwenda

Habari ilimkuta Lavern Odenbach amepiga magoti bandani, mikono imelowa hadi viwikoni, miguu ya mbele ya ndama imetoka. Mtamba alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, na hakujua la kufanya zaidi ya kuguna. Mlango ukafunguliwa, upepo wa Machi ukaingia na vumbi la theluji, na mkewe Ottilie akasimama pale bila koti. Hakuna mwanamke wa Dakota Kaskazini anayetoka nje mwezi wa Machi bila koti. Lavern aliitazama mikono mitupu ya mkewe akajua.

"Ardella amepiga simu," Ottilie alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kaka ametutoka, Lavern."

Lavern alitaka kuinuka, lakini mtamba akasukuma tena na kichwa cha ndama kikamwangukia mapajani, ulimi nje.

"Mtoe kwanza," Ottilie akasema huku machozi yanamtiririka. "Mtoe, baba. Huyo hana kosa."

Akamtoa. Akamsafisha pua kwa majani makavu, akamsugua mbavu mpaka akapiga chafya. Ndipo alipotazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Saa tisa na nusu alikuwa bado hospitalini mjini, ameketi kando ya kitanda cha Reuben Zimbelman, kaka wa mkewe na rafiki yake wa miaka thelathini na minane. Ottilie alikuwa amempigia kwamba mtamba amekwama, na Reuben, asiye na pumzi ya kutosha kuzima mshumaa, alimpungia mkono: nenda, shemeji, ndama hawasubiri. Lavern akaenda. Ardella, mke wa Reuben, alisema mumewe alikata roho kama dakika ishirini baadaye.

"Niliinuka mapema," Lavern alisema. "Tena."

Ottilie hakuuliza maana yake. Watu wote waliomjua Reuben waliijua hadithi hiyo.

Reuben alikuwa mkulima wa ngano na alizeti kama baba yake na babu yake. Hakuwahi kupanda ndege. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyepiga kengele ya kanisa la Kilutheri lililo juu ya kilima, na aliipiga taratibu, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu. Kila kitu alikifanya hivyo. Mlango wa pikapu yake aliufunga kwa kuusukuma na nyonga, kimya kimya, hata mbele ya duka la mbegu mjini, na watu wakimwona wakicheka: "Reuben, hapa hakuna koyote!"

Naye akijibu, "Unajuaje? Hao ndio wasioonekana."

Kuwaita koyote ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Koyote ni mbweha wa nyika zile, mwembamba, rangi ya majani makavu, na majira ya kuzaa ng'ombe huzunguka mazizi akinusa damu. Wafugaji wakipoteza ndama walimpigia Reuben. Alikuwa na filimbi aliyoichonga kutoka ncha ya pembe ya ng'ombe, ndogo kama kidole gumba, na akiipuliza ilitoka sauti ya sungura aliyenaswa makuchani mwa tai. Sauti hiyo ilimsisimua nywele hata mtu aliyejua kabisa ni Reuben tu.

Lakini koyote haendi moja kwa moja kwenye sauti. Huzunguka kwanza mpaka afike kule upepo unakokwenda, aletewe harufu, ajue kama kweli ni sungura au ni binadamu muongo. Kwa hiyo kazi hii hutaka watu wawili. Mmoja huita. Mwingine huenda kukaa mbali naye, kule upepo unakokwenda, mahali ambapo hamwoni mwenzake na mwenzake hamwoni, alinde njia ile ambayo mnyama atapita. Reuben ndiye aliyeita. Lavern, tangu mwaka aliomwoa Ottilie, ndiye aliyekaa upande ule.

Na kulikuwa na sheria. Ukishapuliza mara ya mwisho, unakaa dakika ishirini bila kujitikisa. Usikohoe wala kukuna pua. Dakika ishirini, kwa saa ya mkononi.

Majira ya baridi ya kwanza, walikwenda kumtafuta koyote mkubwa mweupe-mweupe aliyekuwa amemmaliza ndama wa nne wa jirani yao, mzee Gottlieb Rott. Miguu ya Lavern ilikufa ganzi. Dakika ya kumi na saba akasema moyoni, leo hakuna kitu, akainuka. Hatua arobaini mbele yake, katikati ya vichaka, yule koyote aliinua kichwa, wakatazamana, halafu pakawa vichaka vitupu.

Reuben alikuja akitembea polepole. Hakupandisha sauti.

"Umekalia upupu, shemeji?"

"Miguu ilikuwa imekufa."

"Dakika tatu. Tatu tu."

Kuanzia siku hiyo hakumpa nafasi ya kupumua. Kanisani Lavern akiwahi kusimama kabla ya wimbo kuanza, kutoka benchi la nyuma ilisikika sauti ndogo: "Dakika tatu, shemeji." Binti yake Lavern alipozaliwa kabla ya siku zake, Reuben alimtazama mtoto, akamtazama baba yake, akatikisa kichwa. "Huyu ni wako, hatuna haja ya kuuliza." Ottilie alimpiga na taulo.

Lakini Lavern hakuinuka mapema tena, na kwa kukaa aliona mambo ambayo watu wengi wa nyika ile huishi na kufa bila kuyaona. Aliona bundi weupe wakishuka bila sauti juu ya kofia yake, wakidhani yeye ndiye sungura. Aliona baridi ikichanua kwenye kila jani kama maua. Na aliona ile asubuhi ya Januari.

Palikuwa na jua na majua mengine mawili kando yake, kama inavyotokea baridi ikizidi na hewa kujaa chembe za barafu. Mbingu zilikuwa zimenyamaza kiasi kwamba Lavern alisikia damu ikipita masikioni mwake. Kabla ya kuachana pale kwenye pikapu, Reuben alikuwa amevua kofia akasali, kama alivyofanya kila mara, sala fupi: Bwana, ni wako hawa, na sisi ni wako. Kisha kila mtu akaenda upande wake. Filimbi ikalia mara tatu. Halafu kimya.

Dakika ya kumi na nane nukta ilitokea mbali kabisa, kwenye mstari ambako theluji hukutana na mbingu. Ilikuwa zaidi ya maili moja. Lavern aliwaza: sauti ya kipande cha pembe kidogo kuliko kidole, na sikio limeisikia toka kule. Nani angetengeneza sikio kama hilo? Nukta ikawa mnyama. Mnyama akashuka bondeni, akapotea, akatokea tena, akaanza kuzunguka kama alivyofundishwa na yule aliyemuumba, mpaka akafika kule upepo unakokwenda, na kule ndiko alikokuwa Lavern.

Alisimama hatua kumi. Alikuwa jike. Masharubu yake yalikuwa na barafu, na pumzi yake ilipanda ikapita mbele ya yale majua matatu ikawa dhahabu. Macho yake yalikuwa rangi ya asali ya alizeti. Alimtazama Lavern, si kwa hofu, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma barua. Lavern alihisi kwamba kila jambo alilowahi kulificha linaonekana. Kisha yule koyote akageuka, akaondoka kwa mwendo uleule, bila haraka, na theluji ilikuwa ngumu hata haikubaki na alama.

Dakika ishirini zilipokwisha Reuben alikuwa amepanda juu ya kilima kidogo, akaona yote.

"Mbona hukupiga?" aliuliza.

"Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba nina bunduki."

Lavern alingoja kuchekwa. Reuben akavua kofia yake kwa mara ya pili asubuhi ile, na baridi ile ilikuwa ya kukata masikio.

"Basi umemwona," alisema. Baadaye kidogo, wakiwa ndani ya pikapu na mbegu za alizeti mdomoni, akaongeza, "Lakini ole wako umwambie Gottlieb Rott. Atatupiga risasi sisi."

Waliwaua wengi kabla ya siku ile, na wengine baada yake, kwa sababu ndama ni chakula cha watu. Ila baada ya ile asubuhi Reuben alikuwa akimgusa kila aliyeanguka kati ya masikio kwa mkono usio na glavu, akisema asante.

Mapafu yalianza kumsumbua miaka mitatu iliyopita. Vumbi la nafaka, madaktari walisema. Mwaka jana alipuliza filimbi mara moja, akakaa chini kwenye theluji, midomo ya buluu. Alimpa Lavern ile pembe. "Haya, jaribu wewe."

Lavern akajaza mashavu akapuliza.

"Mungu wangu," Reuben alisema, akishika mbavu kwa kicheko kilichomuumiza. "Huyo si sungura. Huyo ni bata aliyekanyagwa na trekta. Rudisha, rudisha, koyote watahama wilaya."

Hawakwenda tena. Na sasa Lavern alikuwa na siku tatu za kuoga, kulisha, kuzalisha na kutolala. Jambo moja lilimkaa kifuani kama jiwe: Reuben alikuwa amekaa naye asubuhi zote zile, na yeye alishindwa kukaa naye dakika ishirini. Alijaribu kusali, maneno yakakwama. Ottilie alimwambia alitumwa, hakukimbia. Akajibu, "Miguu ni yangu, Ottilie. Niliinuka kwa miguu yangu."

Asubuhi ya maziko, kabla ya jeneza kufungwa, Ardella alimwita kando, kwenye chumba kidogo cha kanisa wanapoweka makoti. Alifungua mkono. Ile filimbi ya pembe ilikuwa kiganjani.

"Chukua. Ni yako."

"Mimi siwezi kuipuliza, Ardella. Unajua. Mwekee mfukoni. Nilimwacha. Ningekaa kidogo tu—"

Ardella alimtazama kwa mshangao. "Hukuambiwa? Nilidhani Ottilie amekwambia."

"Ameniambia nini?"

"Ah, hapana, hata yeye sikumwambia. Sikumwambia mtu." Akakaa kwenye benchi kati ya makoti. "Ulipotoka, alisikiliza mpaka mlango wa chini ukafungwa. Akasema, ameufunga vizuri. Halafu akaniuliza, upepo unatoka wapi? Nilidhani ameanza kuweweseka. Nikaenda dirishani, nikatazama bendera ya posta, nikamwambia, kaskazini-magharibi. Akawa anahesabu. Unamjua. Akasema, basi Lavern yuko mahali pake. Akafumba macho. Hakusema tena, alikuwa anapumua tu, mpaka mwisho."

Shamba la Lavern liko kusini-mashariki ya mji, kule upepo ule ulikokuwa unakwenda. Alisimama pale akitazama viatu vyake, na kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani siku tatu kikasogea. Hakikuondoka chote. Alimsogelea Ardella, akaufunga mkono wake juu ya filimbi.

"Mwekee mfukoni," alisema tena. "Upande wa kushoto, ndiko alikoizoea."

Ardi ilikuwa bado imeganda, kwa hiyo walikuwa wameiwashia moto siku mbili kabla ya kuichimba. Mchungaji Kessel alisoma, akasali, akatupa udongo mara tatu. Watu waliimba mistari minne kwa sauti ya watu wenye baridi. Jeneza likashushwa. Kisha wote wakateremka kwenye chumba cha chini ya kanisa, ambako akina mama walikuwa wamepanga supu ya knefla yenye vidonge vya unga, soseji na keki za kuchen.

Lavern hakuteremka. Alilowesha kidole mate akakiinua. Upepo ulikuwa uleule. Akatembea hatua sitini kusini-mashariki ya kaburi mpaka kwenye uzio, akakaa kwenye majani yaliyolala, mgongo kwenye nguzo.

Ottilie alikuja na koti lake la pili, akamtandikia mabegani.

"Nikusubiri?"

"Tangulia, mama. Na mlango wa kanisa usiubamize."

Akaenda. Kutoka pale Lavern hakuweza kuliona shimo, aliona tu mgongo wa mchimba kaburi ukiinama na kuinuka, na alisikia koleo. Hakujitikisa. Miguu ikafa ganzi, akaiacha ife. Mbele yake nyika ilifunguka mpaka kwenye mstari wa mbingu, na hakuna kitu kilichotokea juu ya mstari ule. Alikitazama tu kile kisichotokea, na akaona kwamba anaweza kusali, akasali ile sala fupi.

Dakika ishirini zilipokwisha, mchimba kaburi alikuwa amemaliza na amekwenda. Lavern aliinuka kwa kushika uzio, akatembea polepole mpaka kwenye udongo mpya, akavua kofia.

"Kwaheri, shemeji," alisema.

Akavaa kofia, akateremka kula na wenzake.