Viti vya Wafiwa

Agosti ya 2019 mchungaji wetu alitangaza kwamba imetimia miaka mia nne tangu Waafrika wa kwanza waliotiwa utumwani washushwe katika koloni la Waingereza huko Amerika. Walitolewa Angola, akasema, jirani zetu sisi Wakongo. Nilidhani tutasali kidogo twende zetu. Nilikuwa na magauni ya wateja yananingoja kwenye cherehani yangu, mtaani Hillbrow. Lakini akina mama wa kanisa wakauliza nani aliwafanyia watu wale matanga. Hakuna aliyejua. Basi yakaamuliwa matanga kamili, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg. Lifti ilikuwa mbovu, tukapandisha masufuria ya chai kwa ngazi huku nikinung'unika njia nzima.

Kwetu, kwenye matanga, viti vya mbele ni vya wafiwa. Tulivipanga vitano kwa mazoea tu, kisha ibada ikaanza navyo vitupu. Wafiwa ni nani? Kila mtu alimtazama mwenzake. Mimi nilikuwa karibu kucheka, na hapo mama yangu akasimama.

Miaka mitano kabla ya hapo, mdogo wangu alitupigia simu kutoka pwani ya Libya: kesho anapanda boti kwenda Italia. Hatukumsikia tena. Mama alikataa matanga kwa sababu hakuna maiti. Aliyekuja kutupa pole alirudishwa mlangoni. "Mutoto yangu hayakufa," alikuwa akisema. "Rudia kwako." Nikawa nalia chooni, bomba nimelifungulia. Nilimchukia mama kwa hilo, nasema wazi.

Sasa alitembea mpaka mbele, akakaa kiti cha kwanza, akavua viatu, akajitanda kitenge kichwani. Watu wakapanga mstari kumpa mkono. Nadhani waliona anawapokelea rambirambi wale wa miaka mia nne.

"Pole, mama."

"Asante," akajibu, kwa kila mmoja.

Nami nikaingia mstarini, kwa sababu sikujua pa kwenda. Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mkono kama wengine. Hakuupokea. Alinishika kiwiko, akanivutia kwenye kiti cha pembeni yake.

"Weye hauko mugeni," akasema. "Ikala hapa. Ndugu yako alikufa."