Kisahani Kisichooshwa

Pelageya Sidorovna alikuwa mwosha vioo, na ukitaka akununie mwezi mzima ungemwita mfagizi. Alikuwa ameosha vyombo vya maabara ya protini kwa miaka kumi na saba, pale katika mji wetu wa wanasayansi kando ya mto Oka, na kwa miaka yote hiyo hakumruhusu mtu mwingine kutia mkono kwenye karo lake la kuoshea. Shule aliishia darasa la tatu. Jina lake aliliandika taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayepanga mayai kwenye kikapu. Lakini mpe chupa ya kioo uone. Aliisugua kwa soda, akaipitisha kwenye asidi, akaisuuza mara sita kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji ya mvuke, kisha akaiinua dirishani. Maji yakiteremka yote pamoja kama shuka, chupa imetakata. Likibaki tone, hata moja, chupa inarudi karoni. Wasomi na shahada zao walisimama mlangoni wakingoja, kimya, kwa sababu ukimharakisha alianza upya.

Kazi ya maabara ilikuwa ini. Kila Alhamisi ini la ng'ombe lilifika kutoka machinjioni ndani ya ndoo za barafu, na wasomi walilisaga, wakalichuja, wakaliosha kwa chumvi wiki nzima, mpaka kwenye ndoo tatu ikabaki protini moja tu, kidogo, ya rangi ya chai. Rimma ndiye aliyemwonyesha protini ile ina kazi gani. Huyu Rimma alikuwa msomi kijana, mwembamba, mwenye haraka, aliyepoteza kalamu zake ndani ya nywele zake mwenyewe. Siku moja alimwekea mbele vikombe viwili vya ile dawa ya vidonda inayotoka povu. Akatia tone la protini yake kwenye cha kwanza, povu likapanda likamwagikia meza. Akatia tone la pili kwenye kikombe kingine, tone ambalo alikuwa amelichemsha kwanza. Kimya. Hakuna hata kipovu.

"Ni kitu kile kile, shangazi," Rimma akasema. "Hakuna kilichotoka, hakuna kilichoongezwa. Ila moto umelifumua."

"Kama soksi," akasema Pelageya.

"Soksi gani?"

"Soksi ya sufu. Ukiifumua, sufu ni ile ile, hujapoteza hata unyuzi. Vaa sasa hiyo sufu, uende nayo kwenye theluji."

Rimma alikaa chini. Akasema kwamba profesa wake alimweleza jambo hilo kwa muhula mzima na hakuwahi kulitaja vizuri hivyo. Tangu siku ile wakawa marafiki, na Pelageya akawa anajua zaidi ya walivyodhani watu. Alijua kwamba wanataka kuujua ufumaji wa soksi ile, wapi uzi umepinda, wapi umejikunja, maana umbo ndilo linalofanya kazi. Alijua kuwa hakuna hadubini inayoweza kuuona, kwa udogo wake. Na alijua njia iko moja: uzibembeleze hizo protini zijipange safu kwa safu, kama askari wa gwaride, ziwe fuwele, kisha uzipige eksirei, na ile miali ikitawanyika iache madoa kwenye filamu. Kutoka kwenye madoa mtu mwenye hesabu anaweza kurudi nyuma mpaka kwenye umbo. Bila fuwele hakuna madoa. Bila madoa, unachonacho ni supu ya ini.

Na fuwele zilikuwa zimekataa.

Katika jengo la zamani zilikuwa zikitokea, ndogo, mbovu, lakini zilitokea. Oktoba maabara ikahamia jengo jipya. Mkuu mpya, Innokenti Lvovich, mtu wa tai na kitana, akaamuru kisiingie kitu chochote chenye vumbi la zamani. Pelageya aliosha siku tatu kwa asidi kali mpaka vidole vikachubuka, akaingiza vioo vinavyong'aa kama barafu ya Januari. Tangu siku hiyo, miezi minane, haikutokea fuwele hata moja. Rimma alipanga matone yake kwenye vishimo vya visahani vya kioo, akavifunika, akavifunga ukingoni kwa vazelini, akangoja, akachungulia, akakuta matope ya kahawia. Akapanga tena. Matope.

Mwanzoni mwa Juni, saa ya chai, mkuu alisimama na kikombe chake mbele ya watu wote.

"Pelageya Sidorovna. Maji tumepima, ni mazuri. Chumvi tumebadilisha. Ini tumebadilisha machinjio. Kimebaki nini hapo?"

"Umebaki wewe," akasema Pelageya.

Watu wakacheka ndani ya vikombe vyao.

"Vimebaki vyombo," akasema mkuu, bila kupandisha sauti. "Kuna kitu kinabaki kwenye vioo."

"Nionyeshe."

"Ni kitu kisichoonekana."

"Sasa wewe umekionaje?"

Mkuu akaweka kikombe chini. Akasema kwamba tarehe ishirini Moscow wamewapa mashine ya eksirei kwa wiki moja, na wakienda mikono mitupu kazi ya ini itapewa maabara nyingine. Akasema tarehe kumi na tano inaletwa mashine ya kuoshea vyombo. "Na wewe umri wa kupumzika uliupita miaka tisa iliyopita. Nyuki wako watafurahi kukuona."

"Nyuki wangu hawajalalamika," akasema. Akaenda karoni, akaosha chupa arobaini ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Mkinielewa, hakuwa analilia mshahara. Alikuwa na mizinga minne ya nyuki, viazi vyake, paka wake. Alichokuwa analilia ni lile neno, kitu kinabaki kwenye vioo. Miaka kumi na saba mtu hajatoa chombo kichafu mlangoni mwake, halafu aondoke mjini watu wakisema huyo ndiye aliyetuharibia ini. Aliapa kuwa hatoki mpaka aonyeshwe uchafu, na akiapa, hata treni haikumsogeza.

Jumamosi alikwenda kwenye kibanda chake cha shamba, akaitazama asali. Alikuwa na mtungi mmoja wa asali ya msimu uliopita ambao ulikataa kuganda. Majira ya baridi yote ulikaa maji, wakati ile ya mwaka wa juzi ilikuwa nyeupe, nzito, inasimamisha kijiko. Wiki mbili nyuma alifanya kama mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake: alichota kijiko kimoja cha asali iliyoganda, akakikoroga ndani ya ile iliyokataa, akafunika. Sasa alifungua. Imeganda mpaka chini, laini kama siagi.

Alikuwa anakata mkate mweusi apake, mkono ukasimama hewani na kisu.

Asali ile haikuwa na kosa. Ilikosa wa kuifundisha kusimama safu. Ilitaka punje chache zilizokwisha kujipanga, nyingine zikajipange nyuma yake. Na yeye Pelageya, Oktoba, kwa mikono yake miwili na kwa asidi kali, alikuwa ameziua punje zote za maabara ile. Kwenye kila kioo, kila kijiti, kila rafu.

Isipokuwa mahali pamoja.

Hapo uso ukamwaka moto, ingawa hakukuwa na mtu kibandani ila paka. Siku ya kuhama, Rimma alimpa kisanduku cha visahani kumi na viwili, bado vimefungwa vazelini, akasema, "Tupa tu shangazi, ni matope." Kioo hakitupwi. Alikileta hapo kibandani ili avioshe akimaliza kuvuna viazi. Viazi vikawa vingi, theluji ikawahi, na kisanduku kikabaki kwenye shimo la chini ya sakafu, penye baridi, kati ya viazi na mitungi ya matango ya chumvi. Miezi minane. Visahani kumi na viwili, vichafu, chini ya sakafu ya Pelageya Sidorovna.

Aliteremka akakitoa. Akakiweka mezani, akakizunguka, akakifunika kwa kitambaa ili asikione. Kusafisha jina lake ilimbidi aingie mlangoni mwa maabara amebeba uchafu wake mwenyewe mbele ya watu. Alikaa na jambo hilo Jumapili nzima. Aliwaambia nyuki, wakaendelea na kazi zao.

Jumatatu alimvizia Rimma kwenye ngazi, kabla mkuu hajafika.

"Nina kitu, na ukicheka nakirudisha nyumbani."

"Sicheki."

"Havijaoshwa." Akamtilia kisanduku mikononi kana kwamba kinaunguza. "Ni vile vya Oktoba. Umesikia lakini? Havijaoshwa."

Rimma alitazama mwandiko wake mwenyewe kwenye kifuniko, akamtazama Pelageya, na hakucheka. Walikwenda kwenye hadubini karibu wakikimbia, mwanamke wa miaka sitini na minne na viatu vyake vya mpira akiwa mbele. Kisahani cha kwanza kilikuwa kimekauka. Cha pili matope. Cha tatu matope, cha nne matope. Pelageya alisimama nyuma, anasugua mikono kwenye aproni, anamweleza habari ya asali bila kupumua, kijiko, mtungi, mama yake, na Rimma anajibu "mhm, mhm" jicho likiwa kwenye lenzi. Kwenye cha saba hakujibu.

"Nini?" akauliza Pelageya.

"Shangazi, usinisukume."

"Sijakugusa."

"Basi ni mimi natetemeka. Njoo. Tazama pembeni, chini ya matope."

Pelageya aliinama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona, katikati ya ukungu wa kahawia, vitu vitatu vidogo vyenye kingo, vimesimama wima, rangi ya chai iliyoshikwa kwenye mwanga wa dirisha. Kama vipande vya kaharabu, lile jiwe la rangi ya asali, vilivyokatwa na sonara. Hakuwahi kuona kitu kilichonyooka hivyo ambacho hakikufanywa na mtu.

"Hivi ndivyo ulivyotaka nitupe," akasema.

Sasa walihitaji kijiko, lakini kijiko cha namna gani kwa kitu kidogo kuliko punje ya chumvi? Rimma alijaribu sindano, ikachota kupita kiasi. Akajaribu unywele wake, ukalegea. Pelageya akavuta leso mfukoni, akafungua fundo, akatoa unyoya mmoja mrefu mweupe, mgumu: sharubu ya paka wake, iliyodondoka, ambayo watu wa kwetu huihifadhi kwa bahati njema. Rimma akaponda fuwele moja, akaigusa kwa ncha ya sharubu, akaipitisha juu ya matone mapya, mstari mmoja kila tone, kwenye visahani vilivyooshwa na Pelageya asubuhi ile ile. Wakafunika. Wakafunga vazelini.

Siku mbili zile hakuna aliyeweza kukaa na Pelageya. Alivunja kikombe, cha kwanza tangu aingie kazini. Mara tano kwa siku aliulizia, mara tano Rimma alimwambia ukivitikisa vitakasirika.

Jumatano saa nne kelele zilitoka chumba cha hadubini, viti vikasukumwa, watu wakakimbia na vikombe vya chai mikononi. Ndani ya tone, pale pale sharubu ilipopita, ulikuwa umesimama mstari wa fuwele, moja nyuma ya nyingine, kama shanga kwenye uzi, kubwa mara kumi ya zile za kisandukuni. Pembeni mwa mstari, tone lilikuwa safi kabisa. Unaona njia ya sharubu kama unavyoona njia ya sungura kwenye theluji.

Innokenti Lvovich aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Chumvi," akasema.

Na hakuwa mjinga kusema hivyo, maana chumvi nayo huganda kwa kingo nzuri, na wengi wameshapeleka chumvi Moscow wakarudi na aibu. Rimma akachukua sindano, akaibonyeza fuwele moja. Chumvi hulia, hupasuka. Hii ilimomonyoka kama jibini laini. Rimma akachukua nyingine, akaiosha kwenye matone mawili, akaiangusha katika kikombe cha dawa ya vidonda. Shingo zote zikarefuka. Sekunde moja, mbili, kisha kutoka kwenye kile kipunje kisichoonekana ukapanda uzi wa mapovu, mwembamba, bila kukatika, mpaka juu.

"Chumvi gani inatoka povu?" akauliza Pelageya kutoka mlangoni. "Au nayo ni kitu kisichoonekana?"

Mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Kwa hiyo vioo vyako," akasema, "vilikuwa safi kupita kiasi."

"Safi haina kupita kiasi. Mwalike mtu wa kufundisha wengine kupanga safu, uache kulaumu vioo."

Wakaenda Moscow tarehe ishirini, fuwele zikiwa kwenye chupa ya chai ya Rimma, amezipakata. Siku ya pili simu ililia kwa bawabu, akaitwa Pelageya, akaja na mikono inatiririka maji.

"Shangazi," ilisema sauti ya Rimma, anapiga kelele kana kwamba Moscow iko ng'ambo ya mto, "yametoka. Madoa. Filamu imejaa, safu safu, mpaka ukingoni. Nimeyahesabu nikachoka."

"Yamenyooka?"

"Yamenyooka kama ufumaji wako."

"Umekula?"

Hajala, bila shaka. Pelageya alimgombeza kidogo, akarudisha simu, akaketi kwenye kiti cha bawabu bila kuombwa, akacheka peke yake mpaka bawabu akamletea maji.

Mashine ya kuoshea vyombo ilifika kweli, na ipo mpaka leo, ndani ya kreti yake, kwenye korido. Juu yake watu huweka makoti. Mkuu alikuja karoni mwenyewe siku waliporudi, ameshika kile kisahani cha saba kwa vidole viwili, akasimama mlangoni akangoja, kimya, kama wanavyongoja wote.

"Pelageya Sidorovna, kinahitaji pa kukaa. Baridi, giza, mtu asikiguse. Sina ninayemwamini."

Pelageya alimaliza chupa aliyoishika. Akaiinua dirishani, maji yakateremka kama shuka. Kisha akakipokea kisahani, akakiweka ndani ya jokofu lake, rafu ya juu, akaomba kalamu. Hakutaka kuandikiwa. Ilimchukua muda, na mkuu wa maabara alisimama kumshikia karatasi isiteleze: HIKI KISIOSHWE. Na chini yake, herufi moja moja, jina lake.