Nyaya za Bi Sayoko

Mzee Kuramochi ni mbishi, na mimi, fundi wa chama chetu cha wazungumzaji wa redio hapa Toyama, nasema hivyo kwa mapenzi. Sindano ya kipimo cha mtambo wake aliiamini kuliko mke wake.

Walipouza nyumba na kuhamia ghorofa ya chini ya majengo ya manispaa, mlingoti wake mrefu wa antena ulibaki nyuma. Huku nguzo hairuhusiwi kuzidi mita tatu. Akasimamisha nguzo fupi kwenye kibustani cha mkewe, Bi Sayoko, akaiwekea koili ili ikubali masafa yake ya zamani, na sindano ikalala sifuri, yaani hakuna umeme unaorudi mtamboni. Alinipigia simu kujisifu.

Lakini Higashide hakumsikia. Huyu ni rafiki yake wa Abashiri, mbali kaskazini, ambaye walizungumza naye redioni kila Jumapili asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Saratani ya koo ilimwacha bila sauti, kwa hiyo simu haikumfaa tena. Alizungumza kwa vidole, kwa nukta na vistari vya Morse. Kila Jumapili mzee alimsikia akimwita, akamjibu, na yule akazidi kuita kana kwamba hakuna mtu. Kufika wiki ya saba wito ulikuwa mfupi sana. Mzee aliogopa kuwa Jumapili moja hautakuja kabisa. Alikuwa ameandika barua, Higashide akajibu kwamba ameipata, ila ndani yake hausikii mkono wa mwenzake, ile namna yake ya kugonga.

Nilimweleza mzee kuwa nguzo fupi hivyo haina nguvu, udongo unameza karibu umeme wote, na dawa ni kutandaza nyaya nyingi ardhini kuizunguka. Akasingizia kwamba zitaharibu figili alizopanda mkewe. Bi Sayoko akazing'oa zote, changa na kubwa, akatandaza nyaya ishirini na nne na kuzibana udongoni kwa pini zake za nywele.

Tukawasha. Sindano ikaruka juu. Mzee akakasirika, akaanza kuzikunja nyaya.

"Baba, hiyo sindano imelala wiki saba," Bi Sayoko alisema. "Kuna mtu amekusikia?"

"Mama, haya mambo ya redio huyajui."

"Siyajui. Najua figili zangu nimeshazing'oa. Ziache hizo nyaya."

Alituzidi akili sote wawili. Sindano ilikuwa ikitulia kwa sababu udongo ulikuwa unakula kila kitu. Sasa haukuwa ukila, ndiyo maana mtambo na nguzo havikupatana. Nikafunga koili nyingine ndogo chini ya nguzo, nikavipatanisha upya.

Jumapili Higashide aliita mara mbili tu. Mzee akajibu. Kimya kikawa kirefu mpaka nikajuta kuja. Kisha nukta na vistari vikamiminika, vimejaa makosa, na Higashide si mtu wa kukosea.

"Mjinga wewe," aligonga. "Barua si wewe. Nilishaanza kukulilia."

Machozi yalinitoka, sifichi. Sisi watu wa redio lazima tuulizane vifaa, basi Higashide akauliza anatumia antena gani. Mzee, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mkewe hata kwa supu, akagonga jibu polepole.

Bi Sayoko, aliyekuwa mlangoni, akauliza mumewe amejibu nini. Mzee akajitia kufuta miwani.

"Amesema antena yake ni Sayoko," nikamwambia.

Bi Sayoko akaketi pale pale kizingitini, na aproni yake usoni.